Dawa za kupaka baada ya mkanda wa jeshi zitolewe na maelezo kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, kwani wengi hudhani kwamba malengelenge yakishakauka ugonjwa umekwisha. Virusi vya tetekuwanga, vilivyojificha miaka mingi kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, vinapoamka huijeruhi mishipa hiyo, na kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee, maumivu huendelea zaidi ya miezi 3 ilhali ngozi imeshapona, hata mguso wa shati ukawa mateso.

Dawa za kupaka zinaweza kuwapa nafuu watu hawa, lakini nasikitishwa na jinsi zinavyokabidhiwa bila maelezo. Krimu ya kapsaisini, ambayo ndiyo kemikali inayoipa pilipili ukali wake, huwasha na kuunguza mwanzoni, kisha taratibu hupunguza uwezo wa ncha za mishipa kupeleka taarifa za maumivu. Hupakwa mara 3 hadi 4 kwa siku, na huenda zikapita wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Mgonjwa asiyeambiwa hayo huiacha mapema akiamini imemdhuru, na pengine ameshajigusa macho kwa vidole ambavyo hakuvinawa.

Plasta ya lidokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 5 ni rahisi zaidi kuvumilika. Hubandikwa panapouma kwa muda usiozidi saa 12 katika kila saa 24, na kwa kuwa dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana, haimlevyi mzee ambaye tayari anameza vidonge vingi. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Dawa zote mbili hazifai kwenye malengelenge wala vidonda vibichi. Ama dawa za kuchua misuli, ambazo ndizo wengi hukimbilia, sioni busara ya kusugua ngozi isiyostahimili hata nguo.

Nawaomba wafamasia na madaktari wayaeleze haya kabla mgonjwa hajaondoka na dawa yake, na wamwambie pia kwamba ikishindikana arudi, kwa sababu kuna vidonge kama gabapentini na amitriptilini ambavyo daktari anaweza kumwandikia. Mgonjwa huyu asiambiwe avumilie tu.

Wako,
Msomaji