Asante kaka wa Mikindani

Kaka uliyenikuta Mikindani, cheni ya pikipiki yangu imechomoka na jua la saa saba linaunguza, Mungu akuzidishie. Hukunitengenezea ukaondoka, ulinipa spana mkononi. Ukanielekeza nilegeze nati ya ekseli ya nyuma, nirudishe cheni kwenye sproketi (gurudumu la meno), kisha niivute kidogo kidogo, kushoto sawa na kulia, alama za pande zote mbili zilingane, la sivyo tairi linakaa upande. Ukanipimisha kwa kidole: icheze sentimita 2 hadi 3, isikakamae. Halafu nirekebishe breki ya nyuma, maana ukivuta cheni nayo inabadilika (hili hata mafundi wengine hawasemi). Hela ya soda ukaikataa! Waendesha pikipiki wa Mtwara, mkimkuta mgeni wa spana kakwama, mwacheni ashike mwenyewe.