Thimu paki za Marekani: ulizeni saa, msiulize picha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kidogo kuhusu hizi programu za wanafunzi kwenda kufanya kazi kwenye thimu paki za Marekani, yaani zile bustani kubwa za michezo na burudani, maana kila msimu wa kuomba ukifika matangazo yanajaa na picha ni ile ile, kijana kasimama mbele ya kasri, anacheka mpaka jino la mwisho, chini wameandika safiri, jifunze, ujipatie dola. Sipingi. Hiyo kazi nimeifanya, kwenye paki ambayo sitaitaja, na ningekuwa bado mwanafunzi ningeenda tena. Ila vijana wanaonitafuta kuniuliza wanauliza mambo mepesi, kuna baridi, nitapiga picha na Mickey, weekend tunaenda wapi, na lile zito hawaliulizi kabisa, yaani saa. Utapewa saa ngapi kwa wiki, za kazi gani, na nani anaamua. Hayo ndiyo programu yenyewe bana, mengine yote ni mapambo.

Halafu watu wanachanganya. Kuna ile ya Disney wenyewe, kampuni ya katuni na paki, inaitwa Disney College Program, iliyoanza 1981 kule Florida, hiyo walengwa wakubwa ni wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Na kuna hii wengi wa nje wanayoenda nayo, viza ya J-1 kundi la kazi na safari za kiangazi, ambayo mwisho wake ni miezi minne, lazima uwe mwanafunzi wa chuo wa kutwa nje ya Marekani na uwe umemaliza angalau muhula mmoja, na lazima uwe chini ya shirika la udhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Paki za msimu kama Cedar Point kule Sandusky, Ohio zimetumia sana vijana wa J-1. Sasa ukimsikia mtu anasimulia ya Disney wewe ukadhani ndivyo utakavyoishi Ohio utashangaa, na kinyume chake pia.

Kazi zenyewe ni zipi? Fast food, maduka ya zawadi, usafi, kusimamia foleni na mashine za michezo wanazopanda wageni, bwawa la kuogelea, usafi wa vyumba hotelini. Wale wanaovaa vinyago vya katuni ni wachache, wanafanyiwa majaribio ya kucheza na kimo kinapimwa kwa sababu kila mhusika ana urefu wake. Unaweza kuandika unachopenda kwenye fomu, lakini anayepanga ni wao, wanaangalia wapi wamepungukiwa, na mara nyingi wanapungukiwa jikoni na kwenye fagio. Hata ukijua Kiswahili usijipe moyo sana. Kwenye Animal Kingdom, paki ya wanyama ya Disney kule Florida iliyofunguliwa 1998, kuna mji wa kubuni unaitwa Harambe uliojengwa ufanane na pwani ya Afrika Mashariki, na malori ya safari yenye jina la Kilimanjaro, na hoteli yao ya pembeni ina migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Hoteli hiyo kweli imekuwa ikileta wafanyakazi kutoka nchi za Afrika, lakini hiyo ni programu nyingine kabisa yenye usaili wake, usifikiri ukipata kazi ya kuuza bisi utahamishwa kimya kimya ukasimulie simba.

Watu wanadhani kazi ya mashine ni kubonyeza kitufe. Ngoja niwaeleze ilivyo. Treni ya rola kosta, ile ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, inaingia, vyuma vinafunguka, watu wanashukia upande mmoja wanaacha kofia, simu, kandambili ya mguu mmoja, wengine wanapandia upande wa pili, wewe unapita kiti kwa kiti umeinama, unasukuma chuma cha mapajani chini halafu unakivuta juu kuhakikisha kimekamata, mkanda unauvuta pia, kuna mtoto unamwona kwa macho kabisa hajafika kimo unamrudisha kwenye kijiti cha kupimia, baba yake anakwambia jana walimruhusu, unatabasamu, unamwambia samahani mzee haitawezekana, unamaliza safu yako unainua kidole gumba, na mwenzako aliyeko kwenye kibanda haondoi treni mpaka vidole vyote vimeinuka. Treni ikitoka nyingine iko nyuma yake inaingia. Hiyo ni shifti nzima, juani, na tabasamu halitakiwi kushuka. Afadhali mnazungushwa vituo, unatoka kwenye treni unaenda kusimama mlangoni mwa foleni kuulizwa gwaride la saa tisa linaanza saa ngapi. Usicheke, mgeni anamaanisha litafika hapa aliposimama saa ngapi, na ukimjibu vizuri anakukumbuka mpaka jioni.

Florida wakati wa kiangazi joto lake lina unyevu, shati linalowa kabla hujafika kituoni, na mchana radi zinapiga karibu kila siku. Radi ikikaribia mashine za nje zinasimamishwa. Msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na paki zimewahi kufungwa siku nzima kwa sababu ya kimbunga. Hapo ndipo saa zinarudi tena kwenye mazungumzo yetu, paki ikifungwa au wageni wakipungua rosta inakatwa, na wewe uliyeahidiwa saa 40 kwa mdomo na ajenti unajikuta na 25, kodi ya chumba iko pale pale.

Sasa hela. Tuchukue mfano, sio ahadi. Kima cha chini Florida kimekuwa dola 14 kwa saa tangu 30 Septemba 2025, na sheria waliyoipigia kura 2020 inakipeleka 15 ifikapo 30 Septemba 2026. Chukua 14 mara saa 32, hiyo 448 kwa wiki. Kodi ya mapato ya serikali kuu kama asilimia kumi, toa 45, zinabaki 403 (Florida yenyewe haina kodi ya mapato ya jimbo, hapo una bahati). Tuseme kitanda ni 200 kwa wiki, zinabaki 203. Chakula, laini ya simu, sabuni, nauli ukitoka kidogo, weka 90 kama hujizuii njaa wala hujiachii. Umebaki na 113. Zidisha kwa wiki 12, dola 1,356. Halafu ondoa ulichotumia kabla hujapanda ndege, ada ya viza 185, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa J-1) 35, ada ya shirika la udhamini na ajenti wake, na tiketi kwenda na kurudi. Fanya hiyo hesabu mwenyewe kwenye karatasi kabla hujamwomba mzazi auze kitu. Wapo wanaorudi na akiba ya maana, ila wengi wa hao walipewa saa nyingi, au walipata kazi ya pili ambayo mdhamini wao aliikubali kwanza, maana kwa J-1 huruhusiwi kujitafutia tu kibarua mtaani.

Kitu ambacho ajenti hatakwambia, sijui kwa kutojua au kwa makusudi. Marekani kwa kawaida ukipita saa 40 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu. Lakini sheria yao ya kazi ya shirikisho inaisamehe sehemu ya burudani ya msimu, ile isiyofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, isilipe hiyo ziada. Kwa hiyo paki ya kaskazini inayofunga baridi ikiingia inaweza kukupa saa 55 za wiki kwa bei ile ile ya kawaida na ikawa haijavunja sheria ya shirikisho, labda jimbo lenyewe liwe na sheria kali zaidi. Wewe umeketi kwako unapiga hesabu ya overtaimu, ajenti anaitikia kwa kichwa tu.

Na slipu ya mshahara muisome jamani, msiangalie tarakimu ya chini peke yake. Mwanafunzi wa J-1 aliyeingia karibuni, ambaye kikodi bado anahesabiwa sio mkazi, hakatwi michango ya Social Security (hifadhi ya jamii yao) wala Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara. Ukiiona kwenye slipu nenda ofisi ya mishahara na fomu yako ya DS-2019, ile ya mdhamini inayothibitisha uko kwenye programu, uwaambie. Huwa inatokea kwa sababu mfumo unamwingiza kila mtu kama Mmarekani, kwa hiyo nenda kwa upole lakini nenda. Kwenye paki niliyokuwepo kuna wenzangu walikatwa wiki na wiki mpaka mmoja aliposhtuka, supavaiza naye alikuwa hajui, ikabidi tupande juu. Mwaka unaofuata pia kuna kujaza ritani ya kodi hata kama umesharudi, na ukijaza vizuri inawezekana ukarudishiwa kitu.

Nyumba nisiseme sana. Mnashea chumba, mnashea jiko, kuna mtu ataacha sufuria, basi la kazini lina ratiba yake na ukilikosa umechelewa na kuchelewa kunahesabiwa pointi. Ila jambo moja ni zito, chumba kikiwa cha mwajiri, kodi inakatwa kabla mshahara haujafika mkononi, na kazi ikiisha chumba nacho kimeisha. Machi 2020 paki zilipofungwa kwa korona, wanafunzi wa programu ya Disney waliambiwa programu imekwisha na wahame ndani ya siku chache tu, na ile programu haikurudi mpaka 2021. Korona ilikuwa ya aina yake, sawa, lakini hata mtu mmoja akiachishwa kazi Jumanne utaratibu ni huo huo. Kwa hiyo nenda na hela ya kukaa wiki kadhaa bila mshahara, ambayo hata hivyo utaihitaji, kwa sababu mshahara wa kwanza hauji wiki unayofika, kuna namba ya Social Security ya kuomba, kuna mafunzo, kuna mzunguko wa malipo.

Faida zipo, nisionekane mtu wa kulalamika. Kiingereza chako kitanyooka kwa sababu huna pa kujificha. Utajua kuongea na mtu aliyekasirika bila wewe kukasirika, na hiyo kazi nyingi za ofisini hazifundishi. Kuingia paki bure siku za mapumziko kupo sehemu nyingi, japo kuna tarehe wanazozifunga kwa wafanyakazi wakati wageni wamejaa. Muda wa J-1 ukiisha unapewa siku 30 za kutembea, sio za kufanya kazi, na hizo ndizo watu wanazozikumbuka mpaka wanazeeka. Marafiki utapata wa nchi ambazo ulikuwa unazisikia kwenye mpira tu. Lakini usiende ukitegemea cheo, au kwamba bosi atakupenda akubakize, J-1 ya kiangazi haikujengwa kwa hilo. Na kama unasomea uhandisi ukaelezwa kwamba kuendesha rola kosta ni mafunzo ya vitendo, kaulize chuoni kwako kwanza kama wanaitambua, wao ndio wenye kauli.

Haki unazo pia, tena nyingi kuliko unavyofikiri. Pasipoti ni yako, hakuna mwajiri wala mwenye nyumba anayeruhusiwa kuishikilia. Kazi ambayo saa zake nyingi ni za usiku, kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi kwa kundi hili. Mdhamini analazimika kuwasiliana na wewe kila mwezi na lazima uwe na bima ya afya. Ukiona mdhamini hapokei simu kuna laini ya dharura ya wizara yenyewe, namba iko kwenye kile kijitabu cha haki wanachokupa ubalozini, ambacho watu wengi wanakiacha kwenye kiti.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili, matangazo ya hawa maajenti mnayachapa, na ni biashara sielewi vibaya, lakini mwambieni mteja wenu aandike mambo manne kwenye tangazo, mshahara wa saa, saa za chini kabisa ambazo mwajiri amezithibitisha kwa maandishi, kodi ya nyumba kwa wiki, na jumla ya ada zote mpaka kijana anafika. Nafasi ya kuyaandika ipo, wapunguze tu ukubwa wa kasri. Na wewe kijana, kabla hujatoa hata senti, omba ile barua ya ofa ya kazi uisome mwenyewe, mstari wa saa uutafute kwanza. Kama imeandikwa saa zitategemea mahitaji ya biashara, basi piga hesabu yako ya 113 upya kwa saa 25, uone zinabaki ngapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Niliyewahi kuvuta mikanda ya rola kosta