Malalamiko: Bunduki Imepita Karakana Yenu Mara Mbili, na Mtambo Bado Unacheza

Likoni, Mombasa
12 Desemba

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

KUH: BUNDUKI YA SHABAHA YA .22 NILIYOINUNUA KWENU MWEZI WA JANUARI

Bwana Meneja,

Ama baada ya salamu, nawaandikia kuhusu bunduki ambayo mafundi wenu wameifungua mara mbili na kunirudishia ikiwa mbovu kuliko nilivyoipeleka. Sidai mpya. Kasiba yake (mwanzi wa chuma inamopita risasi) ni nzuri, na mtambo wake (chuma cha nyuma ya kasiba kinachopakia na kufyatua) ni mzuri. Kibovu ni pale viwili hivyo vinapokutana na mbao, na hapo ndipo nilipowaomba mtazame tangu siku ya kwanza.

Ilipokuwa mpya, kwa mita 50, niliweza kufunika matundu matano kwa sarafu moja ya shilingi kumi. Huo ulikuwa wakati wa kaskazi. Masika yalipokolea, mwezi wa Mei, matundu yakaanza kujigawa mafungu mawili: matatu katikati, mawili kulia, umbali wa kama sentimita nne. Mkono ukitetemeka, matundu husambaa ovyo. Yakijigawa mafungu mawili yaliyobana, basi kuna kitu kinahama na kurudi. Nilimweleza hivyo kijana wenu wa kaunta, nikamwomba akague kitako (nakusudia mti wote, toka begani hadi unaposhikwa na mkono wa mbele). Akanijibu kwamba natumia risasi za bei rahisi. Mkabadilisha vishikio vya darubini, mkanitoza shilingi 6,500. Jumamosi iliyofuata mafungu yalikuwa mawili vilevile.

Baba yangu alikuwa seremala wa milango Mji wa Kale, na nimekua nikimwona akiacha nafasi kwenye fremu kwa sababu ya masika. Mbao huvuta unyevu wa hewa na kufura kwa upana, si kwa urefu. Kwa hivyo nilichukua noti ya shilingi 50 nikaipitisha kati ya kasiba na mfereji wa mbao inamolala. Upande wa kulia ilipita hadi karibu na mtambo. Kushoto ilikwama kiasi cha vidole vitatu tu kutoka mbele. Mbao ilikuwa ikiisukuma kasiba kulia, na kulia ndiko risasi zilikokwenda.

Agosti niliirudisha, na fundi wenu alikiona hicho kipimo kwa macho yake. Nilifurahi, nikidhani sasa tumeelewana. Akaupiga msasa ule mfereji, sawa. Lakini akakipiga msasa pia kilalio cha mtambo, mahali ambapo chuma inapaswa kukaa bila nafasi, kisha akaiacha mbao tupu, bila vanishi wala mafuta, katika mji huu wa bahari. Na skrubu mbili za kushikia mtambo alizikaza kwa nguvu za mkono wake. Kitako hiki hakina nguzo za alumini (vibomba vya kuzuia mbao isipondwe) ndani ya matundu ya skrubu. Kila unapokaza, unaziponda nyuzi za mbao. Ndiyo maana mtengenezaji ameweka kiwango cha kukaza katika kitabu cha bunduki, na ndiyo maana kuna spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Sikuiona ikitumika.

Sasa kaskazi imerudi, mbao imekauka na kunywea, na bunduki haijui shabaha iko wapi. Wiki iliyopita, mbele ya msimamizi wa uwanja wetu, niliondoa magazini (kasha la risasi), nikafungua bolti (komeo la mtambo), tukahakikisha chemba, mahali pa kukaa risasi, ni tupu. Nikaisimamisha wima, upande wa begani ukiwa chini, kidole changu kikigusa kasiba na ncha ya mbao kwa pamoja, nikalegeza skrubu ya mbele polepole. Kasiba ilisogea chini ya kidole waziwazi. Mtambo ukikaa vizuri hapasikiki kitu hapo. Tukaikaza tena hadi mwisho, na bado mtambo ulitikisika ukiusukuma kwa kidole gumba. Nilipoitoa skrubu nikaona ncha yake imesagika na kung'aa: inafika mwisho wa tundu lake kabla kichwa hakijaibana mbao. Nikatia washa (pete ya chuma) moja nyembamba chini ya kichwa, mtikisiko ukakoma papo hapo. Fundi wenu aliitazama skrubu hiyo hiyo na kuandika kwenye risiti, "Imekaguliwa, iko sawa."

Washa si dawa, nimeiweka kwa ajili ya kujaribu tu. Na sitaki tena kubahatisha na mafundi wenu. Kila nikija kwenu navuka feri na bunduki kwenye mkoba uliofungwa kwa kufuli, leseni mfukoni, nikijieleza kwa kila askari anayeuliza, na anayo haki ya kuuliza. Mara mbili nimefanya hivyo bure. Mwezi wa Septemba niliachwa nje ya timu ya klabu kwa alama zangu, nami nilikuwa nimeamini risiti yenu kwamba bunduki iko sawa, na kwamba mkosaji ni mimi. Hilo limeniuma kuliko fedha.

Naomba mtambo ulazwe upya kwenye mbao kwa epoksi (gundi ngumu) na nguzo za alumini, kasiba iachwe huru kwa urefu wake wote, mbao ya ndani ipakwe vanishi, na skrubu zikazwe kwa kipimo kitakachoandikwa kwenye risiti. Kazi hii iwe kwa gharama yenu. Shilingi 6,500 za vishikio vya darubini nirudishiwe. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inanipa haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili, na nitaitumia nisipojibiwa kwa maandishi katika siku 14.

Nimeambatanisha nakala za risiti zote mbili, picha ya ncha ya skrubu, na karatasi za shabaha za Januari, Mei na Desemba. Tafadhali mpeni fundi azitazame hizo karatasi kabla hajashika bisibisi.

Wenu,
Mteja, Likoni