Risala ya Wanafunzi wa Idara ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wahitimu

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa idara na wahadhiri wetu,
Kaka na dada zetu mliotutangulia,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu nyumbani. Tunasema nyumbani kwa sababu umesomea chumba hiki hiki cha ramani, na kabati la droo za chuma lililo nyuma yako ulilifungua wewe kabla yetu. Ramani za 1:50,000 bado zimo. Nyingi zimechanika kwenye mikunjo na kuungwa kwa selotepu, lakini hakuna anayevuka mwaka wa kwanza bila kuhesabu kontua zake, ile mistari ya mwinuko, kwa ncha ya penseli.

Mgeni rasmi, mwaka huu fildi yetu, safari ya mafunzo nje ya darasa, ilikuwa Kondoa. Darasani tulishasoma habari za HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 ili ardhi ipate kupumzika. Kwenye mtihani hayo ni mistari miwili. Kule Haubi, Kondoa, tulisimama ukingoni mwa korongo, mwenzetu akateremka na kamba ya kupimia mpaka tukabaki tunaona kofia yake tu. Mzee aliyetupokea alituonyesha mizizi ya mti inayoning'inia hewani, akasema utotoni alikuwa akikatiza papo hapo akiswaga mbuzi. Kisha akanyoosha fimbo ng'ambo, kwenye nyasi na miti iliyorudi. Alifurahi kuionyesha. Lakini hakutuficha uchungu wa siku ng'ombe walipotolewa: maziwa, samadi na mahari za vijana viliondoka nao. Swali la nani aliyebeba mzigo wa hifadhi ile tulirudi nalo ndani ya basi, tukabishana mpaka Dodoma mjini, na mwalimu wetu akatuacha tubishane.

Tunawashukuru sana wahadhiri wanaotupeleka huko, wengine kwa kutoboa mifuko yao.

Mgeni rasmi, tunaambiwa enzi zenu fildi ilikuwa siku kumi. Yetu ilikuwa siku nne, mbili kati ya hizo zikaishia barabarani. Wenzetu sita hawakupata mchango wa nauli, wakabaki chuoni wakisubiri picha kwenye simu. Jambo hili linatuuma kuliko upungufu wa kompyuta, ingawa nao upo: zinazowaka ni tisa, na sisi ni zaidi ya sitini. Picha za setilaiti za Landsat ni bure tangu mwaka 2008, na QGIS, programu ya kuchorea ramani, haina leseni ya kulipia. Kwa hayo tunajikongoja. Korongo, hata hivyo, halipakuliki.

Wahitimu wetu mnajua faida ya kukanyaga ardhi. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walishuka pamoja kwenye mitaa inayofurika, wakachora mitaro na njia zake. Kazi ya namna hiyo ndiyo tunayoitamani.

Kwa hiyo tunaleta maombi mawili. La kwanza, wahitimu mtusaidie basi na chakula cha fildi ya mwaka wa pili, asibaki mtu. La pili, na kwetu ndilo kubwa zaidi, mje wenyewe. Aliyeko halmashauri, aliyeko ofisi ya bonde la maji, mwalimu wa sekondari: siku mbili tu za kutembea nasi, mtuonyeshe mnachokiona ambacho sisi bado hatujakiona.

Mwisho, pokea zawadi yetu. Ni ramani ya korongo la Haubi, tumeichora kwa vipimo vyetu wenyewe. Utaona pembe ya kaskazini iko tupu. Siku ziliisha kabla hatujaifikia.

Tunaomba kuwasilisha.