Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Mjadala wa Taa za Barabarani

Ndugu wanachama, shikamooni wazee wetu, na wengine wote habari za siku nyingi.

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawashukuru kwa kuitikia mwito wa Mkutano Mkuu. Shughuli za kawaida za chama zimekwenda vizuri. Mitaro ilizibuliwa kabla ya masika, mfuko wa misiba umewafikia wafiwa wote waliotoa taarifa, na hesabu za ada atazisoma mhazini baada yangu. Sitakaa sana hapo, kwa sababu vikao vyetu vingi mwaka huu vilimezwa na suala la taa, na mna haki ya kuelezwa kwa kirefu tumefikia wapi.

Mnakumbuka lilivyoanza. Zile taa za njano za sodiamu tulizozizoea zilipoanza kufa moja baada ya nyingine, mkandarasi aliweka LED nyeupe kwenye kipande cha chini cha barabara yetu bila mkazi yeyote kuulizwa. Kina mama wanaouza samaki na ndizi jioni walifurahi mno, wakasema sasa wanaiona sura ya mteja na noti anayowapa. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wakawaunga mkono. Wazee ambao madirisha yao yanatazamana na nguzo walikuja kwa katibu wakilalamika kwamba mwanga unawachoma macho na unaingia mpaka kitandani, pazia au hakuna pazia. Kikao cha kwanza kilikuwa na makelele mengi kiasi kwamba nilikiahirisha.

Kamati ilipokaa na kulisoma jambo lenyewe, tuligundua kwamba pande zote mbili zilisema kweli.

Tuanze na wanaozisifu taa mpya. Taa ya sodiamu haionyeshi rangi sawasawa. Katika kipimo cha uonyeshaji rangi ambacho juu yake kabisa ni 100, sodiamu hupata 25 hivi, na LED nyingi za barabarani hupata 70 au zaidi. Chini ya taa ya njano kitenge cha bluu huonekana cheusi, na shahidi anayesema aliona pikipiki ya rangi fulani ikikimbia anaweza kuwa amekosea bila kusema uongo. Halafu kuna umeme wetu unaokatika na kurudi. Sodiamu ikizimika ghafla haiwaki papo hapo umeme unaporudi. Lazima ipoe kwanza, kisha ipande taratibu kwa dakika kadhaa mpaka ifikie nguvu yake, wakati LED inawaka palepale. Kwa binti anayerudi peke yake kutoka zamu ya jioni, dakika hizo za giza ni nyingi. Kwa upande wa gharama, jiji la Los Angeles, lililoanza kubadilisha taa zake mwaka 2009 na kubadilisha zaidi ya 140,000, lilipunguza umeme wa taa hizo kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo waliotaka chama kidai sodiamu ibaki milele, kamati haikukubaliana nao, na mimi binafsi sikukubaliana nao.

Lakini wazee hawakuwa wanadeka. LED nyeupe kwa ndani ni chipu inayotoa mwanga wa bluu, iliyopakwa poda ya njano ili mchanganyiko uonekane mweupe. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: sodiamu iko kwenye 2,000 na kidogo, LED ya rangi ya joto, yaani inayoelekea njano, 2,700, na zile nyeupe za baridi ni 4,000, 5,000 na kuendelea. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo bluu inavyobaki nyingi. Mwanga wa bluu hutawanyika kirahisi hewani kuliko mwekundu au wa njano, na ndiyo sababu anga la mchana ni la bluu. Lenzi ya jicho la mzee nayo hutawanya mwanga kuliko ya kijana, hasa mtoto wa jicho akiwa ameanza. Usiku, mwanga wa bluu ndio hasa unaouzuia mwili kutoa melatonini, ile homoni inayoandaa usingizi.

Mgogoro huu haukuanzia hapa kwetu mjini Moshi. Mji wa Davis, California, uliweka LED za kelvini 4,000 mwaka 2014, wakazi wakaja juu, na halmashauri yao ikalazimika kutoa fedha nyingine kubadilisha nyingi kati ya hizo kwa taa za 2,700. Roma mwaka 2017 watu walilalamika kwamba mitaa yao ya kale, iliyokuwa ya rangi ya dhahabu usiku, imegeuka kuwa kama wodi ya hospitali. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000. Wahandisi wa mwanga walijibu kwamba kelvini peke yake haitoshi, kwamba kiasi cha mwanga na unakoelekezwa vina uzito uleule. Nawaunga mkono wahandisi hao bila kuwapinga madaktari.

Nasema hivyo kwa sababu ya wadudu pia. Utafiti wa Nyuzilandi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta LED zinavuta wadudu wanaoruka kwa asilimia 48 zaidi ya sodiamu, na kubadilisha kelvini hakukuleta nafuu ya maana. Sisi tunaopakana na miti ya mtoni tunalijua hili kila mvua za kwanza zinapoleta kumbikumbi. Popo na komba wanaoishi kwenye miti ile wanahitaji giza lao. Kwa hiyo tukidai rangi ya joto tu, kisha taa ikaachwa inamwaga mwanga pande zote usiku kucha, tutakuwa tumefanya kazi nusu.

Baadhi yenu, hasa walioibiwa mwaka huu, wanauliza: kwa nini tupunguze mwanga? Poleni sana kwa yaliyowapata. Utafiti wa mwaka 2015 kwenye halmashauri 62 za Uingereza na Wales haukupata ushahidi kwamba kufifisha taa au kuzizima sehemu ya usiku kunaongeza uhalifu au ajali. Hata hivyo wenzetu wana njia za miguu zilizosakafiwa, na sisi tuna mitaro mirefu isiyofunikwa pembeni mwa lami. Kuzima kabisa sikubali. Kufifisha usiku wa manane, magari yanapokuwa machache, nakubali.

Azimio la kamati basi linaomba hivi: kwenye mitaa ya makazi LED zisizidi kelvini 2,700, na kwenye barabara inayopitisha magari mengi zisizidi 3,000. Kila taa ielekezwe chini, isitoe mwanga wowote juu ya usawa wake. Zififishwe kuanzia saa tano usiku. Zifungwe kinga ya umeme unaopanda ghafla, na dhamana yake iwe ya maandishi, kwa kuwa kinachokufa mapema kwenye LED mara nyingi ni kile kifaa kinachoilisha umeme, na umeme usiotulia ndio adui yake mkubwa. Na kabla ya nguzo yoyote kuguswa, wakazi waitwe. Barua itapitia serikali ya mtaa, nakala kwa Manispaa na kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kuwa barabara za mitaa ziko chini yake. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu za taifa, hivyo itahitaji barua yake.

Nina ombi moja zaidi, nalo halimhusu mkandarasi. Zile taa kubwa za getini na madukani mwetu, zilizoinuliwa kumulika mpaka ng'ambo ya barabara, ni zetu wenyewe. Tuziinamishe wiki hii. Nimezaliwa chini ya mlima huu, na usiku wa mbalamwezi theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado inaonekana kutoka mtaani kwetu. Ningependa watoto wetu waione wakiwa mlangoni kwao, bila kulazimika kupanda gari kutafuta giza.

Sasa namwomba katibu alisome azimio neno kwa neno. Mwenye marekebisho anyooshe mkono kabla ya kura, kisha tutamkaribisha mhazini.