Futi 10,996

Mombasa, Mji wa Kale

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia. Naona barazani kwenu Trump amekuwa kahawa ya kila baada ya Isha: mmoja amwita mwizi, wa pili kibaraka wa Warusi, wa tatu asema ni wivu tu, mtu ana pesa zake mwacheni. Nawe wataka hoja za kuwafunga midomo. Za kufunga midomo sina, nilizonazo ni hesabu. Wanaomkosoa wengi hushindwa kwa sababu huanza na lile gumu kuthibitisha, wakaliacha lililolala kwenye karatasi.

Anza na nyumba yake. Anayo ya ghorofa tatu kileleni mwa Trump Tower, New York. Mwaka 1994 alitia sahihi hati inayotaja ukubwa wake kuwa futi mraba 10,996. Kufika 2012, katika taarifa za mali zinazopelekwa benki, nyumba ileile imeshakuwa futi 30,000, na ikaendelea kuandikwa hivyo miaka kadhaa, mpaka jarida la Forbes lilipofichua jambo hilo 2017. Barazani wapimie kwa chumba cha kupanga cha Majengo, futi kumi kwa kumi: penye nafasi ya vyumba 110 pameandikwa vyumba 300. Katika taarifa ya 2015 nyumba hiyo ilitiwa thamani ya dola milioni 327, yaani dola 10,900 kwa kila futi. Chukua bei hiyohiyo, uizidishe kwa futi za kweli, utapata kama milioni 120. Dola milioni 207 zimezaliwa bila kuongezwa hata tofali moja.

Hapo yule wa tatu atakuambia: kila dalali husifu mali yake. Kweli, bei ni maoni. Lakini futi si maoni, utepe wa kupimia hauna chama.

Na faida yake ilikuwa nini? Benki ya Deutsche ilimkopesha dola milioni 125 mwaka 2012 kwa ajili ya hoteli na viwanja vya gofu vya Doral, Florida, kwa riba nafuu, kwa sababu yeye mwenyewe alisimama mdhamini. Sharti mojawapo lilikuwa utajiri wake usishuke chini ya dola bilioni 2.5, ukitoa madeni, na kila mwaka apeleke taarifa ya kuthibitisha. Ndiyo maana futi zilikuwa na kazi. Wanaomtetea husema benki ililipwa yote, nani kadhurika? Jibu ni riba. Anayekopa kwa dhamana ya kuchora hulipa kidogo kuliko inavyostahili hatari aliyobeba mkopeshaji, na tofauti hiyo ndiyo pesa aliyoichukua. Februari 2024, katika kesi ya udanganyifu wa taarifa hizo za mali, Jaji Arthur Engoron wa New York alimwamuru alipe kama dola milioni 355, na kwa riba zikapita 450. Tahadhari hapa: usiseme barazani kuwa anadaiwa hizo mpaka leo. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ya New York iliifuta faini hiyo kwa kuwa imepita kiasi, ingawa uamuzi wenyewe kwamba palikuwa na udanganyifu ukabaki pale pale. Ukitaja nusu ya kwanza bila ya pili, mwenye simu atakuaibisha.

Mar-a-Lago usiigusie sana. Watu hupenda kusema mthamini wa ushuru aliitia dola milioni 18 hadi 27.6 ilhali Trump aliandika zaidi ya 400. Namba ni za kweli, ila mthamini alihesabu mapato ya klabu, si bei ya ardhi ya ufukweni, na madalali wa Palm Beach watakucheka. Futi za Trump Tower hazichekwi.

Ukitaka tabia yake basi, usiitafute kwenye matusi ya mikutano, itafute kwenye ushahidi alioutoa chini ya kiapo Desemba 2007. Alikuwa amemshtaki mwandishi Timothy O'Brien aliyeandika kuwa utajiri wake ni mdogo kuliko anavyojigamba. Mawakili wakamuuliza anaupimaje. Akajibu kwamba hupanda na kushuka pamoja na soko, na pia pamoja na hisia, hata hisia zake mwenyewe. Kesi ikatupwa 2009. Mimi sijaona jibu linalomweleza vizuri kuliko hilo. Akiamka na furaha, mali imeongezeka.

Sasa fomu. Rais wa Marekani hujaza kila mwaka fomu ya 278e ya kutangaza mali, na magazeti huikimbilia. Ina mitego miwili. Wa kwanza, mali huandikwa kwa madaraja, na daraja la juu kabisa ni "zaidi ya dola milioni 50", kwa hiyo jengo la milioni 51 na la milioni 500 huonekana mapacha. Wa pili ndio unaowanasa wengi: panapoandikwa mapato ya hoteli au gofu, mara nyingi ni mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Ni kama kuhesabu pesa zote zilizoingia kwenye droo ya mkahawa ukaziita faida, unga, mafuta, gesi na mshahara wa mpishi bado havijatolewa. Kwa mwaka 2018 alitangaza mapato yasiyopungua dola milioni 434.9. Gazeti la New York Times lilipopata rekodi zake za ushuru, mwaka huohuo zilionyesha hasara ya milioni 47.4. Droo ileile, vitabu viwili: wapiga kura wameonyeshwa mauzo, mtoza ushuru ameonyeshwa hasara.

Kisha kuna zile dola 750 alizolipa kama ushuru wa mapato wa serikali kuu kwa 2016, na 750 tena kwa 2017. Hilo si lazima liwe wizi. Sheria yao huruhusu hasara ya zamani ibebwe mbele na kupunguza faida za miaka inayofuata, kama ile hasara ya dola milioni 916 ya hesabu zake za 1995, na pia huwapa wawekezaji nafuu za ushuru. Lawama hapa si ya sheria. Mtu hawezi kujinadi kuwa bingwa wa biashara kwa karatasi moja na kuwa mkata kwa karatasi nyingine, kisha akaomba urais kwa ile ya kwanza.

Kuhusu kufilisika, sahihisha wenzako: yeye binafsi hajawahi kutangazwa muflisi. Ni kampuni zake zilizoomba kinga ya mahakama, mara sita kati ya 1991 na 2009. Ya kwanza ilikuwa kasino ya Taj Mahal, Atlantic City. Iliinuliwa kwa hati za mkopo za dola milioni 675 kwa riba ya asilimia 14. Piga hesabu: zaidi ya milioni 94 kwa mwaka za riba peke yake, kabla hujamlipa hata bawabu. Ilifunguliwa Aprili 1990, mwaka uliofuata ikawa mahakamani.

Sasa zile hatia 34 alizotiwa New York. Nusu ya watu hudhani alihukumiwa kwa ajili ya mwanamke, na wengine kwa kumlipa anyamaze. Kumlipa mtu anyamaze si kosa. Kosa lilikuwa kwenye daftari. Wakili wake Michael Cohen alimlipa Stormy Daniels, mwanamke mwenyewe, dola 130,000 siku chache kabla ya uchaguzi wa 2016. Wakati wa kumrudishia, mkuu wa fedha wa kampuni ya Trump, Allen Weisselberg, aliandika hesabu kwa mkono kwenye karatasi ya benki ya Cohen. 130,000 kujumlisha 50,000 za deni jingine, 180,000. Mara mbili, 360,000. Ongeza bahashishi 60,000, ikawa 420,000. Gawanya kwa miezi 12: dola 35,000 kila mwezi, zikaandikwa kuwa ada ya wakili.

Shika hapo kwenye "mara mbili". Anayerudishiwa deni hatozwi ushuru, ametolewa chake. Ilizidishwa kwa kuwa Cohen alitakiwa azionyeshe kama pato lake lenye kukatwa ushuru, na kama nusu hivi ingekwenda huko. Ukiona deni limeongezewa la mtoza ushuru, ujue limevishwa kanzu ya mshahara. Kwa maoni yangu mstari huo mmoja wa mkono ni mzito kuliko mashahidi wote walioitwa.

Na 34 zinapatikana hivi: ankara 11, maandishi ya leja 12, hundi 11. Hazilingani kwa sababu hundi ya kwanza, ya dola 70,000, ilibeba miezi miwili. Hundi tisa zilitoka kwenye akaunti yake binafsi, kwa sahihi yake, akiwa tayari ni rais. Baraza la raia 12 mahakamani lilimtia hatiani Mei 30, 2024, na Januari 10, 2025 jaji akamwachilia bila masharti: hatia ipo, adhabu hakuna. Amekata rufaa, nalo uliseme.

Urusi nitaipitia haraka, maana ndiko mnakopotezea usiku. Ripoti ya mchunguzi maalum Robert Mueller, Aprili 2019, haikuthibitisha kuwa kampeni yake ilifanya njama na serikali ya Urusi. Anayedai ilithibitisha hajaisoma. Kinachosimama ni kidogo lakini kigumu: Oktoba 28, 2015, akiwa mgombea, alitia sahihi barua ya nia ya kujenga Trump Tower mjini Moscow. Cohen aliliambia Bunge kuwa mazungumzo yalikufa Januari 2016, kumbe yaliendelea mpaka Juni, na Novemba 2018 akakiri kuwa alidanganya. Mradi haukujengwa. Wapiga kura walikuwa wanaambiwa hana shughuli Urusi.

Pesa za kigeni zenye uzito haziko Moscow, ziko Ghuba, kwa jirani zetu wa kaskazi. Katika muhula wa kwanza ilikuwa hoteli: Wademokrati wa kamati ya Bunge walitoa ripoti Januari 2024 kuwa biashara zake zilipokea angalau dola milioni 7.8 kutoka serikali zisizopungua 20, China ikiongoza kwa milioni 5.5. Katiba yao humkataza mwenye cheo kupokea zawadi au malipo ya serikali ya kigeni bila ruhusa ya Kongresi. Kesi zilifunguliwa, zikavutwa mpaka akatoka madarakani, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikazitupa kwa kuwa hazina tena maana. Kwa hiyo swali lenyewe halijajibiwa.

Muhula wa pili hoteli imekuwa jambo la kale. Kampuni ambayo familia yake ina hisa, World Liberty Financial, hutoa sarafu ya kidijitali iitwayo USD1. Kila sarafu moja huwekewa dola moja. Mei 2025 ilitangazwa Dubai kuwa MGX, kampuni ya uwekezaji ya Abu Dhabi iliyoundwa na serikali yenyewe, itatumia USD1 za dola bilioni 2 kuwekeza katika Binance, soko la sarafu za kidijitali. Ufundi wake ni huu: mwenye sarafu hapati riba, ila zile dola halisi hukaa kwa mtoaji, huwekwa kwenye hati za hazina ya Marekani, na riba ni ya mtoaji. Kwa asilimia 4 ni dola milioni 80 kwa mwaka, maadamu hakuna anayezikomboa. Ni kama umwekee mwenye duka amana yako, naye ale matunda yake mpaka siku utakapoitaka. Wiki hizohizo Trump alikwenda Abu Dhabi, ukatangazwa mradi mkubwa wa vituo vya akili mnemba vinavyohitaji chipu za Kimarekani. Na Oktoba 2025 akamsamehe mwanzilishi wa Binance, Changpeng Zhao, aliyekuwa amekiri kosa 2023 na kufungwa miezi minne. Ikulu yake yasema hayahusiani. Wewe wape tarehe kwa mpangilio, usiwaongezee kitu.

Watakuuliza: hakuiweka mali kwenye amana? Aliiweka, na biashara huendeshwa na wanawe. Lakini hapo wazee wa kwenu wataelewa upesi kuliko vijana: wakfu ukishatolewa haurudi mkononi, na mtwalii, yaani msimamizi wake, hamtumikii aliyetoa. Amana ya Trump hurudishwa apendapo, na anayefaidika nayo ni yeye. Sheria ya mgongano wa maslahi inayowabana watumishi wa serikali yao nayo humwacha nje rais na makamu wake. Jimmy Carter aliiweka biashara yake ya njugu mikononi mwa msimamizi alipoingia, hakuna aliyemlazimisha.

Ile ndege ya Qatar, Boeing 747 inayokadiriwa dola milioni 400, ilipokewa na wizara yao ya ulinzi Mei 2025, na yeye akasema baadaye itakwenda kwenye maktaba yake. Hapa soma nao kifungu cha 76 cha Katiba yetu ya 2010: zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni ya Jamhuri. Kama sisi tunakifuata, hilo ni baraza la usiku mwingine.

Taarifa ya mali ya 2015 na ile hati ya futi nitakuchapishia, nimpe dereva wa basi la Jumamosi. Zisishikwe na mikono yenye haluwa. Wasalimie wa nyumbani, na mzee mwambie dawa yake ya macho haijapatikana bado, naendelea kuiulizia.

Sahibu yako