Kwa shoga yangu, habari za Bríet

Shoga yangu,

Hujambo na wanao? Ile kauli yako kwenye simu, kwamba wanawake wa Iceland haki zao walizikuta mezani, haijanitoka kichwani. Hebu nikupe habari za Bríet Bjarnhéðinsdóttir.

Alizaliwa 1856, shambani kaskazini mwa nchi. Kazi za nje alifanya sawa na wanaume; jioni wao wakijinyoosha, yeye ndiyo kwanza anaanza za ndani. Akiwa na miaka 16 akaandika makala juu ya elimu na haki za wanawake, akaificha. Ilikuja kutoka gazetini 1885, tena kwa jina la bandia. Mhariri wa gazeti hilo ndiye aliyekuja kumwoa (najua unacheka). Alifiwa naye 1902, akabaki na watoto wawili na gazeti lake mwenyewe la wanawake, Kvennablaðið.

Mimi kilichoniacha hoi ni uchaguzi wa baraza la mji wa Reykjavik, 1908. Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameanzisha chama cha haki za wanawake, nyumbani kwake. Orodha za wagombea zilikuwa 18, moja ya wanawake watupu. Wakaugawa mji mtaa kwa mtaa, wakabisha hodi kwa kila mwanamke mwenye kura. Orodha yao ikaongoza zote, wakaingia wote wanne, Bríet akiwemo. Huko barazani akadai, pamoja na mengine, wasichana nao wafundishwe kuogelea.

Sasa sikia kituko cha 1915. Wanawake wakapewa kura ya Bunge, lakini kwa aliyetimiza miaka 40! Kikomo kingeshuka mwaka mmoja kila mwaka. Bríet, miaka 58, ruhusa anayo. Binti yake Laufey, msichana wa kwanza kusoma kwenye shule ya sekondari ya Reykjavik hadi kumaliza, ana 25, hana kura. Upuuzi huo ulifutwa 1920.

Na mwanamke wa kwanza kuingia bungeni, 1922, alikuwa Ingibjörg H. Bjarnason. Bríet aligombea 1916, akaanguka. Akarudi 1926, umri unakaribia 70, akaanguka tena. Alifariki 1940, ubunge hakuupata.

Haya, nijibu, hata kwa ubishi. Nisalimie shemeji.

Wako wa siku zote